Siku Jua Lilipotazamwa Usoni

Msiwasikilize wanaowaambia kwamba zamani kulikuwa na raha. Zamani ilikuwa ngumu, tena ngumu ya kukera, na sababu yake ilikuwa moja tu: hakuna kitu kilichojua kupungua. Kila kitu kilikuwepo chote, au hakikuwepo kabisa.

Mvua ikinyesha ilinyesha kwa nguvu zake zote, halafu ikakatika palepale, kama mtu aliyebamiza mlango. Manyunyu hayakuwepo. Upepo ulivuma mpaka ukang'oa migomba, kisha kimya, hata jani halitikisiki. Ngoma iliyopigwa ng'ambo ya bonde ilisikika kana kwamba inapigwa sikioni mwako, na ikiacha imeacha. Hasira ndiyo usiseme. Mke akirudi kwao amekasirika, basi kaenda jumla, kwa maana alikaa huko na hasira ileile, nzima, mbichi, na siku inapokatika yenyewe ameshasahau hata njia ya kurudi kwa mumewe.

Na watu hawakuzeeka. Mnacheka, eti? Ndivyo ilivyokuwa. Mtu alikua, akakomaa, akabaki vilevile na meno yake yote na mgongo wake umenyooka, mpaka siku ya kuanguka. Mtu na mama mkwe wake wakiwa kisimani, mgeni alisimama kwanza akajikuna kichwa, hajui amwamkie nani shikamoo. Lakini msiwaonee wivu watu wale. Kwa kuwa hawakupungua, hakuna aliyejua kwamba siku yake imekaribia. Mtu alianguka jembe likiwa bado hewani. Alikufa katikati ya neno, na nusu iliyobaki akaenda nayo.

Yote hayo yalitoka kwa Jua. Jua la siku hizo lilikuwa na kiburi, ee! Lilichomoza na ukali wake wote, likapita juu ya vichwa vya watu na ukali uleule, na likifika mwisho wa mbuga huko magharibi lilizimika mara moja, giza likawaangukia walio njiani. Jioni haikuwepo. Nani angethubutu kulitazama? Watu walitembea wameinamisha macho tangu kunakucha. Nalo lilikuwa limetoa amri kwa kila kilichokuwa chini yake: kisionekane kitu kinapungua mbele ya macho yangu. Kwa Jua, kupungua ilikuwa aibu, kama kukutwa unaoga. Mvua ikatii, upepo ukatii, moto ukatii, na watu wakasema ndivyo dunia ilivyo.

Sasa, katika kijiji kimoja cha milimani huko Upare aliishi mwanamke mfinyanzi, jina lake Namkunda. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko pilipili. Watu walivipenda vyungu vyake, ila walivinunua haraka haraka na kuondoka. Mumewe, Senkondo, alikuwa mhunzi. Alikufa kama walivyokufa watu wote wa wakati ule: nyundo ikiwa juu, amegeuka kumwambia mkewe, "Namkunda, unajua, mimi siku zote..." Siku zote nini? Mwanamke yule alikaa na swali hilo kifuani kama mfupa wa samaki. Kifungua mimba wao, mtoto wa kiume, alichukuliwa na homa kabla hajaota meno ya pili. Aliyebaki ni binti mmoja, Nanzia, aliyezaliwa njiani siku mama yake alipokuwa akienda kuchimba udongo, pamoja na mama mkwe, mama yake Senkondo, waliyeishi naye ua mmoja.

Hebu ufikirieni ufinyanzi katika dunia ya namna hiyo. Udongo alikuwa nao mzuri, mweusi, wa kunata. Alikuwa akiuponda, akiutoa vijiwe, akiufinyanga kwa mikono mitupu, akiulainisha kwa kokwa la tunda, akiuanika kivulini. Mpaka hapo, hakuna aliyemshinda. Shida ilikuwa moto. Vyungu vilichomwa uwanjani, peupe kabisa, na ilikuwa mwiko mkubwa kuufunika moto. Moto ulihesabiwa kuwa mtoto wa Jua, na anayeufunika ni sawa na anayemzika mtoto huyo angali hai. Basi ule moto uliwaka kwa nguvu zake zote, kisha ukakatika. Baridi ikaingia ghafla. Halafu mfinyanzi akakaa chini na kusikiliza: pa! Kimya kidogo. Pa! Pa! Hapo anajua kwamba kazi yake inapasuka, kimoja baada ya kingine, na hana la kufanya.

Vilivyopona vilitoka na nyufa, akaviziba kwa utomvu. Kijiji kizima kilipikia vyungu vinavyovuja. Mchuzi uligawana nusu kwa nusu na mafiga. Wenzake Namkunda walishazoea, hata walicheka pamoja wakisikia milio ile. Yeye hakuzoea. Kila chungu kilipopasuka alihisi ni yeye anayepigwa kofi.

Siku moja alichoma vyungu alivyovihangaikia mwezi mzima, na miongoni mwavyo mtungi mkubwa, mzuri kuliko wowote aliowahi kuufinyanga. Moto ukakatika. Mtungi ukawa wa kwanza kulia. Namkunda akainuka, akachukua gae moja, akalirusha juu kwa nguvu zake zote, na mbele ya majirani akapaza sauti: "Wewe! Una faida gani wewe? Unachoweza ni kuwasha na kukata!"

Majirani wakakimbia wakajifungia ndani. Mama mkwe wake akaanguka magoti uani akaomba radhi kwa niaba ya ua mzima. Jua halikujibu. Pengine halikusikia, au lilisikia likaona huyu ni nani hata nimjibu.

Kimya kile kilimuudhi Namkunda kuliko tusi. Akafinyanga upya. Siku ya kuchoma ilipofika alipanga vyungu, akapanga kuni, akawasha, na moto ulipofika katikati ya ukali wake akafanya jambo ambalo hakuna mwenye akili timamu angelifanya. Aliufunika. Alimwaga juu yake mavi ya ng'ombe mabichi, pumba na nyasi mbichi, na vikapu vya majivu, mpaka ukaonekana mlima mdogo wa kijivu unaofuka moshi. Hakuwa na maarifa yoyote, msije mkasema alijua. Ilikuwa ni ukorofi mtupu. Alitaka Jua likose angalau kitu kimoja cha kuona.

"Namkunda anazika moto!" watu wakaitana. Wakasimama mbali, mikono mdomoni, wakingoja apigwe na kitu.

Hakupigwa na kitu. Alikaa kando ya lile lundo, na kwa kuwa hakusikia pa!, akachukua kijiti akatoboa tundu dogo upande wa kivuli, akachungulia. Ndani moto ulikuwa mweupe. Akaziba. Baadaye akachungulia tena, akauona wa manjano. Akaziba. Akachungulia tena, ukawa mwekundu, laini, umelala juu ya vyungu kama paka. Hajawahi mtu kuona jambo hilo tangu dunia iumbwe. Chini ya majivu, mahali ambapo Jua halikuweza kuuona, moto ulikuwa unapungua. Ulikuwa unatua mzigo wake kidogo kidogo, na hakuna chungu kilicholia.

"Kumbe nawe unachoka," Namkunda akaunong'oneza kupitia lile tundu. "Kumbe ulikuwa unaona haya tu."

Kesho yake alifukua vyungu vizima. Akakigonga kimoja kwa kidole kikaitika vizuri. Alicheka peke yake kama mwehu. Majirani waliapa hawatanunua vyungu vya laana, halafu mmoja mmoja wakaja kwa mlango wa nyuma, wameviringisha khanga zao mkononi ili wapate kuvifunika wakirudi. Na hao ndio waliokuwa wamesimama mbali wakingoja apigwe!

Haikupita hata wiki, Nanzia akaugua. Alirudi kisimani hana maji, akakaa kizingitini, akasema kichwa kinamuuma. Namkunda alipomgusa shavu, mkono wake ulirudi nyuma wenyewe. Ilikuwa homa.

Homa za siku hizo zilikuwa kama moto wa siku hizo. Ziliwaka mwilini kwa ukali wote, bila kushuka hata punje, kisha zikakatika ghafla, na mwili uliokuwa unaungua ukapigwa na baridi mara moja. Wachache sana walipona. Na desturi ilikuwa kwamba mgonjwa alazwe uani, peupe, mbele ya Jua, ili Jua lione kwamba hata homa inafuata amri yake. Ndivyo alivyolazwa yule mtoto wa kwanza. Namkunda alikuwa amekaa kando yake akimpepea, homa ikakatika mchana kweupe, na mtoto akafa mikononi mwake akitetemeka. Tangu siku ile, kila chungu kilipopasuka uwanjani, alilisikia lile tetemeko.

Mama mkwe akaja na mkeka, akautandika uani kama desturi ilivyotaka. "Mlete mtoto, mwanangu," akasema. "Tumwombee."

Namkunda akautazama mkeka. Kisha akauinua, akaukunja, akauingiza ndani.

"Unafanya nini?"

"Namficha."

"Namkunda! Mgonjwa hafichwi. Jua likituuliza tutasema nini?"

"Likiuliza, mama, wewe niite tu mimi."

Alimbeba Nanzia akamlaza kwenye kona ya mwisho ya nyumba. Akaziba matundu ya paa kwa majani ya migomba. Akamfunika kwa ngozi za mbuzi, akaongeza shuka la Senkondo, akaongeza na mikeka, mpaka kikabaki kichwa kidogo na macho mawili mekundu. Akampa maji kwa mkono. Akaongea na ile homa kama alivyoongea na moto: "Hapa hakuna anayekuona. Punguza. Punguza kidogo tu, mimi sitasema kwa mtu." Kisha akatoka, akaufunga mlango, akakaa kizingitini, mgongo wake umeegemea ubao. Alikuwa anaogopa, tena sana. Lakini mtoto huyu hampati mtu, alijiambia, hampati mtu mpaka wanipitie mimi kwanza.

Jua lilipofika juu ya ule ua lilitafuta mgonjwa wake lisimwone. Likasimama. Kuku wakaacha kuparura. Joto likashuka mpaka likagusa ardhi, na sauti yake ikatoka kila upande.

"Yuko wapi mgonjwa wa ua huu?"

Mama mkwe alianguka kifudifudi akaficha uso. "Namkunda!" akaita. "Unaitwa!"

"Nimesikia," Namkunda akasema. "Yuko ndani. Amelala."

"Mtoe."

"Simtoi."

Hakuna aliyewahi kulijibu Jua namna hiyo. Ile kauli ilikuwa fupi mno hata lenyewe likadhani halikusikia vizuri. "Nani amekufundisha kuficha vitu?" likauliza. "Majivu yale uwanjani ni yako. Moto wangu uliingia chini yake sikuuona ukitoka. Ulipungua?"

"Ulipungua. Na vyungu vyangu vikapona."

"Umeutia aibu."

"Ungekuwa na akili ungesema nimeupumzisha," Namkunda akasema, na hapo ndipo alipoinua kichwa. Alilitazama Jua. Alilitazama lote, usoni, macho yamefunguka.

Mama mkwe alipiga ukunga. Maumivu yalimwingia Namkunda mpaka kisogoni. Machozi yalimtoka yakakauka kabla hayajafika shavuni. Aliona nyeupe, kisha nyeusi, kisha rangi zisizo na jina. Hakuinamisha macho. Jua nalo, kwa kuwa halijawahi kutazamwa, likakasirika likamwaga kila kilichokuwa ndani yake juu ya kichwa cha mwanamke mmoja aliyekaa kizingitini.

Saa ya Jua kuzimika ikafika, ikapita. Halikuzimika. Lingezimika vipi? Kuondoka kungekuwa kukimbia. Likasogea tu taratibu kuelekea upande wake wa magharibi huku likiendelea kuchoma, na mchana ukawa mrefu kuliko mchana wowote. Migomba ikalala. Kisima kikaonyesha matope. Watu wakaja mbio wamejifunika vikapu kichwani, wakasimama nje ya uzio wa ua.

"Namkunda, mtoe mtoto! Tunaungua sote kwa ajili yako!"

"Mbona mmesimama hapo?" akawajibu bila kugeuza shingo. "Hamna nyumba? Ingieni ndani mjifunike. Nani amewaambia lazima mkae chini yake?"

Wakatazamana. Halijawahi kuwapitia kichwani jambo hilo, kwamba mtu anaweza kuingia ndani tu. Wakaondoka mmoja mmoja, kisha wote kwa pamoja, milango ikafungwa, mikeka ikatundikwa madirishani. Mama mkwe naye akatambaa mpaka kizingitini, akapita nyuma ya mgongo wa mkwe wake, akaingia kumshika mtoto. Jua likajikuta linawaka juu ya kijiji ambacho hakina mtu wa kuliinamia. Amebaki mmoja, na huyo mmoja ndiye asiyeinama.

Namkunda alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa. Midomo ilikuwa imepasuka. Alifikiria kwamba labda Nanzia amekwisha kufa nyuma ya ule mlango na yeye anagombana bure, na wazo hilo lilimuuma kuliko macho. Lakini mahali alipofika hakukuwa na kurudi. Ndipo akaona kitu. Pembeni kabisa mwa Jua, upande wa chini, ule weupe haukuwa mweupe tena.

Akakaza macho. Ulikuwa wa manjano. Alikuwa ameiona rangi hiyo kupitia tundu la kijiti, na aliijua inaelekea wapi.

"Unapungua," akasema.

"Sipungui!"

"Unapungua, nakuona. Umeanza chini."

"Mimi sijawahi kupungua!"

"Hujawahi kutazamwa," Namkunda akasema. "Umechoka, bwana. Tangu uumbwe unawaka hivyo hivyo kila siku, nani asingechoka? Na usiku unakwenda kujitupa huko mbugani kama gunia ili tusikuone ukihema."

Manjano yakapanda mpaka katikati. Na huku Namkunda akilitazama, likaanza kuwa jekundu, kidogo kidogo, kutoka chini kwenda juu, na joto likaanza kutoka uani. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akavuta pumzi isiyounguza. Akajua ameshinda. Moyo ulimruka kwa furaha mbaya, ile furaha ya kumwona aliyekuonea ameshikwa pabaya. Angeweza kukiita kijiji kizima kije kicheke. Mdomo aliokuwa nao ungetosha kulisimanga Jua mpaka kesho.

Lakini alikuwa mfinyanzi, na alikuwa anajua kitu kinafanywaje kikiwa kimefika rangi ile. Hakibughudhiwi.

"Shuka," akaliambia. "Shuka taratibu, usijikate. Vilima vile vya mwisho wa mbuga vitakufunika. Hakuna atakayekucheka, na atakayecheka atanikuta mimi."

Jua likashuka, lakini kiburi kikubwa hivyo hakiondoki bila kuacha neno. Lilipofika usawa wa mbuga likasema, na safari hii sauti yake ilisikika kila nyumba: "Mmetaka kupungua, basi mtapungua. Nyinyi wenyewe. Nguvu zitawatoka miguuni, meno yatawatoka mdomoni, nywele zitageuka majivu, na kila mtu atamwona mwenzake akififia. Hakuna atakayefichwa."

Kilio kikatoka ndani ya nyumba zote. Watu walilia wakimlaani Namkunda kwa jina. Yeye alikuwa anafikiria jambo jingine.

"Kwa mara moja, au taratibu?" akauliza.

"Taratibu. Mtajiona mnakwisha siku baada ya siku. Hiyo ndiyo adhabu."

Namkunda akamfikiria Senkondo na nyundo yake hewani. Akafikiria kwamba mtu anayepungua taratibu anapata nafasi ya kumalizia anachosema.

"Leta," akasema. "Leta adhabu yako. Nianzie mimi."

Jua likazama. Halikuzimika, lilizama, na nyuma yake mwanga ukabaki angani, mwekundu, kisha wa zambarau, kisha wa majivu, giza likaja kwa adabu kama mgeni anayepiga hodi. Ilikuwa jioni ya kwanza. Watu walifungua milango wakasimama wakiangalia wasijue waiiteje.

Namkunda hakuiangalia. Aliingia ndani akipapasa ukuta, kwa kuwa mbele ya macho yake palikuwa na mabaka tu. Akafika kwenye ile kona, akapitisha mkono chini ya ngozi na shuka. Paji la uso lilikuwa limelowa. Halikuunguza, wala halikuwa la baridi. Lilikuwa na uvuguvugu, na mama mkwe alikuwa anasema kwa sauti ya mtu asiyeamini, "Inashuka, mwanangu. Kidogo kidogo. Imeanza kushuka tangu saa ile ulipoliambia Jua linapungua."

"Mama," Nanzia akasema, "uji upo?"

Namkunda akakaa chini akalia. Alilia kwa nguvu zote, kama watu walivyolia siku zote, na mama mkwe akangoja kilio kikatike. Hakikukatika. Kilipungua. Kikawa kwikwi, kwikwi ikawa pumzi nzito, pumzi ikawa ya kawaida, halafu akafuta uso akainuka kwenda kukoroga uji. Alibaki na huzuni kidogo mahali ilipokuwa huzuni yote, na kwa mara ya kwanza tangu azike mtoto akaona anaweza kuibeba na bado akafanya kazi.

Baada ya hapo vitu vingine vikajifunza. Mvua ikaanza kumalizia kwa manyunyu. Ngoma za ng'ambo zikaanza kusikika kwa mbali, vizuri, mtu akalala nazo. Wanawake waliorudi kwao kwa hasira wakaonekana njiani na vifurushi kichwani, wanarudi, na waume zao wakajifanya wana kazi nyingi sana na mbuzi. Mama mkwe aliota mvi ya kwanza kijijini. Alilia siku nzima. Kesho yake mgeni alipita kisimani, akamwamkia yeye moja kwa moja bila kusita, na kuanzia hapo hakutaka kusikia habari ya kuing'oa.

Waliomlaani Namkunda waliendelea kumlaani miaka kadhaa, kisha laana zao nazo zikapoa. Macho yake ndiyo yaliyotangulia kufifia. Mwaka hadi mwaka uso wa Nanzia ulizidi kuwa ukungu mbele yake, na hakuwahi kulalamika, ila aliendelea kufinyanga kwa mikono na kumtukana kila aliyemletea udongo wenye vijiwe. Nanzia akaolewa, akazaa, akanenepa. Namkunda akaanza kutembea na fimbo, kisha akakaa, kisha akalala. Kila mtu aliona anakwenda, na kwa kuwa waliona, walikuja. Alimwambia binti yake kila alichokuwa nacho cha kumwambia: mahali ulipo udongo mzuri, watu aliowatukana kwa haki na aliowaonea, na kwamba alimpenda, na kwamba siku ile kizingitini aliogopa sana. Aliyasema yote. Akafika mwisho wa maneno yake, akanyamaza kwa hiari yake.

Na tangu siku hiyo, wafinyanzi huufunika moto kwa majivu, na mwenye homa hufunikwa nguo mpaka atoke jasho na homa ishuke. Na tangu siku hiyo sisi huzeeka, tena mbele ya watu, na asiyependa basi. Jua lenyewe, kila asubuhi, hurudi na kiburi chake. Mchana linatamba, linachoma, hakuna wa kuliinulia uso. Lakini ikifika saa ya kushuka, linageuka jekundu kuanzia chini, na hapo mtu yeyote, hata mtoto wa mgongoni, anaweza kulitazama. Litazameni. Msiinamishe macho. Linaloondoka ni lenyewe, si nyinyi.